Kifaa cha kunasa video

Kifaa cha kunasa video (pia: kadi ya kunasa video) ni chombo cha kielektroniki kinachopokea picha na sauti kutoka kamera, deki au chanzo kingine na kuziingiza kwenye kompyuta kama faili la kidijitali. Kibadilishi cha video ni ndugu yake: hupokea mawimbi ya aina moja na kuyatoa kwa aina nyingine, kwa mfano kutoka HDMI kwenda SDI, na si lazima kiunganishwe na kompyuta. Vifaa vingine hufanya kazi zote mbili.

Makala hii inahusu uchaguzi wa vifaa hivyo kwa ajili ya kuhariri video za ubora wa juu (HD), yaani zenye pikseli 1280 × 720 au 1920 × 1080. Mifano imetolewa katika upigaji picha wa baharini kwenye kisiwa cha Mafia, Mkoa wa Pwani, Tanzania.

Picha za papa potwe

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo nchini. Nje kidogo ya mji wa Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, papa potwe huonekana karibu na uso wa maji hasa kuanzia Oktoba hadi Machi. Kila papa potwe ana mpangilio wake wa madoa meupe. Watafiti hulinganisha madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua na juu ya pezi la kifua, ili kumtambua mnyama mmoja mmoja. Programu ya kompyuta iliyobuniwa kwa kazi hiyo ilitokana na mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha makundi ya nyota.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia papa hao kwa vifaa vidogo vya kutoa sauti, ulionyesha kwamba wengi hawaondoki Mafia msimu unapokwisha, bali husogea mbali na ufuko na kwenda chini zaidi. Kwa hiyo kaseti iliyorekodiwa miaka ishirini iliyopita inaweza kuwa na ubavu wa mnyama ambaye bado yupo. Fremu moja iliyo wazi inatosha kumtambua. Lakini madoa yakichanganyika au kufutika wakati wa kunasa, na kaseti yenyewe ikaharibika baadaye, hakuna programu itakayoyarudisha.

Je, kifaa kinahitajika?

Watu wengi hununua kifaa cha kunasa bila kukihitaji. Kamera za leo, zikiwemo zile ndogo ambazo watalii huzama nazo, huhifadhi video kama faili kwenye kadi ya kumbukumbu. Faili hilo linanakiliwa tu. Kuichomeka kamera kwa HDMI na kuirekodi upya video iliyokwisha kurekodiwa ni kupoteza muda, na ubora pia hupungua.

Hata kaseti si zote zinazohitaji kunaswa. Kaseti ndogo za MiniDV hubeba video ambayo tayari ni ya kidijitali. Ndivyo ilivyo pia kwa HDV, mfumo wa mwaka 2003 uliowezesha kurekodi HD (pikseli 1440 × 1080) kwenye kaseti zilezile. Hizo huhamishwa kwa waya wa FireWire, na kinachofika kwenye kompyuta ni nakala ya data iliyo kwenye utepe. Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi mpya hazina tundu la FireWire. Kompyuta ya zamani yenye tundu hilo, hata ikiwa imewekwa stoo, ina thamani kuliko kifaa kipya cha kunasa, kwa maana kamera hiyohiyo ikiunganishwa kwa waya za rangi za analogi picha yake hushuka kabla ya kufika popote.

Filamu za seluloidi ni jambo jingine kabisa: huhitaji skana ya filamu.

Kaseti za analogi

VHS, Video8 na Hi8 ndizo zinazohitaji kifaa cha kunasa kweli. Tanzania ilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 576 inayoonekana na fremu 25 kwa sekunde. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani huenda ilirekodi kwa NTSC, hivyo deki na kifaa vyote viwili viwe vinasoma mifumo hiyo miwili.

Kila fremu ya PAL ina nusu mbili zinazopokezana: kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya shufwa, au kinyume chake. Nusu hizo hupigwa kwa kupishana sehemu ya 1/50 ya sekunde. Papa akipita mbele ya kamera, nusu ya pili humkuta amesogea, na fremu ikisimamishwa ubavu wake huonekana kama meno ya kitana. Hilo si kosa, na linarekebishika iwapo nusu zote mbili zimehifadhiwa jinsi zilivyo. Vifaa vingi vya bei nafuu hutupa nusu moja, au hupunguza ukubwa wa picha huku mistari ikiwa bado imesukana. Hapo madoa mawili huwa doa moja la kijivu. Kifaa kinachofaa ni kile kinachotoa 720 × 576 kamili na kuacha kazi ya kutenganisha mistari ifanywe baadaye kwenye programu. HDV ya mistari 1080 ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo neno HD peke yake si kinga.

Kwa utepe uliochoka huhitajika pia kirekebisha wakati, ambacho hunyoosha mistari inayoyumba. Kifupisho chake cha Kiingereza ni TBC, jambo linaloweza kumchanganya msomaji wa Tanzania anayelijua shirika la utangazaji.

Tangazo la kifaa likisema kwamba hugeuza VHS kuwa HD, maana yake ni kwamba pikseli zinaongezwa tu. Undani ambao kamera haikuurekodi hauwezi kuzaliwa ndani ya kisanduku.

HDMI, SDI na kasi ya tundu

Kunasa HD moja kwa moja kunafaa kwa matangazo ya papo kwa papo, kwa darasa, au pale kamera inapotoa picha bora kupitia waya kuliko inayohifadhi kwenye kadi yake. HDMI ipo kwenye kamera nyingi, ila waya wake usizidi mita chache. SDI ya HD hubeba gigabiti 1.485 kwa sekunde na hufika hata mita mia moja kwenye kebo nzuri. Plagi yake hufungwa kwa kuzungushwa, kwa hiyo haichomoki mtu akijikwaa.

Video ya 1920 × 1080 yenye fremu 25, bila kubanwa, hufikia takriban megabiti 830 kwa sekunde kwa rangi za biti 8 (4:2:2). USB 2.0 hubeba megabiti 480 tu hata kinadharia. Ni wazi basi kwamba kifaa cha USB 2.0 lazima kiibane picha kwanza. Vifaa vingi vidogo vya HDMI vilivyoandikwa 4K hupokea 4K lakini hutoa 1080 iliyobanwa, na vingine hutoa fremu 30 tu, ambazo hugongana na video ya fremu 25 na kufanya mwendo ukatekate. Mnunuzi asome kinachotoka kwenye kifaa, wala asitosheke na kinachoingia.

Kwa uhariri, wengi hutumia kodeki za kati kama ProRes 422 au DNxHD, ambazo kwa fremu 25 hutumia takriban megabiti 120 kwa sekunde. Saa moja huchukua gigabaiti 55 hivi, wakati saa ya DV ni gigabaiti 13. Rangi za biti 10 husaidia sana chini ya maji, ambako wekundu humezwa na bahari na mhariri hulazimika kuurudisha. Hata hivyo, hazina faida kubwa ikiwa chanzo ni HDV, kwa sababu rangi zake zilikwisha kupunguzwa ndani ya kamera.

Umeme, chumvi na kuvu

Kwa miaka mingi umeme wa Mafia umetoka kwenye mitambo ya kisiwani humohumo. Umeme ukikatika, kunasa hukatika katikati ya faili. Kompyuta ndogo yenye betri, pamoja na kifaa kinachopata nguvu kupitia USB, huendelea kufanya kazi. Deki haiendelei, isipokuwa imeunganishwa na betri ya akiba.

Joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye utepe, na chumvi hula vichwa vya deki. Kaseti yenye unga mweupe kando ya utepe isichezwe kabla ya kusafishwa, kwa kuwa kuvu huhamia kwenye deki na kuingia kaseti inayofuata. Kwa kaseti ambayo huenda itacheza mara moja tu, kifaa na programu vijaribiwe kwanza kwa kaseti isiyo na thamani, kisha ile ya papa ichezwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nakala ziwekwe kwenye diski mbili, moja ikihifadhiwa nje ya kisiwa.