Alama za Bunduki ya Zamani na Maana Yake

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jinsi bunduki ya zamani ya askari inavyoweza kuulizwa habari zake, nayo ikajibu. Majibu hayo hayamo katika masimulizi ya mwenye kuionyesha, maana masimulizi huongezeka kila yasimuliwapo. Yamo katika alama zilizopigwa juu ya chuma na mti wake. Kila alama iligongwa na fundi kwa amri ya wakubwa wake na kwa sababu maalum. Na mwenye kuzijua sababu hizo aweza kuifuata bunduki katika safari yake, hatua kwa hatua.

Na tuanze na bunduki ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield, ya namna iliyokubaliwa na jeshi mwaka 1907. Tazama upande wa kuume, kwenye chuma kinachoshika kitako. Juu pana taji, na chini ya taji herufi za mfalme: E.R. ni Edward, aliyetawala tangu 1901 hata 1910, G.R. ni George aliyemfuata. Kisha huja jina la kiwanda, mwaka wa kutengenezwa, na namna ya bunduki. Enfield kilikuwa kiwanda cha serikali, B.S.A. kilikuwa cha watu wa Birmingham. Lithgow ni Australia, na Ishapore ni Bara Hindi. Basi kwa mistari michache tu tumekwisha kujua bunduki ilizaliwa wapi na lini.

Alama ya pili ni ya mwenye mali. Mshale mpana mfupi maana yake ni mali ya serikali ya Kiingereza. Mshale ukiwa ndani ya herufi U, bunduki ilikuwa mali ya Muungano wa Afrika ya Kusini. Ukiwa na D, Australia. Ukiwa ndani ya C, Kanada. Ukiona mishale miwili iliyoelekeana ncha kwa ncha, ujue kuwa serikali imekwisha kuitoa bunduki hiyo jeshini na kuiuza.

Alama ya tatu ni nambari. Nambari ile ile ilipigwa juu ya mtutu, juu ya komeo la kupakia risasi, na juu ya sehemu nyingine kadha wa kadha. Zikilingana zote, yaelekea bunduki imekaa na viungo vyake vya asili. Zisipolingana, tusiseme upesi kwamba kuna udanganyifu. Bunduki nyingi zilirudishwa kwa mafundi zikapewa mtutu mpya au komeo jipya, na mara nyingi mtutu huo una mwaka wake mwenyewe. Herufi F.T.R. zaonyesha kwamba bunduki ilifunguliwa yote kiwandani na kutengenezwa upya. Tena yafaa kukumbuka kuwa kiwanda kilirudia nambari zake kwa kubadili herufi ya mbele. Kwa hiyo nambari pekee, pasipo kiwanda na mwaka, haitoshi kuitambua bunduki.

Alama ya nne, ambayo wengi hawaiangalii, ni kibati cha shaba kilichopigiliwa kwa skrubu ubavuni mwa kitako. Humo ziliandikwa herufi za kikosi, pengine na mwezi na mwaka wa kutolewa, na nambari ya bunduki katika kikosi hicho. Kibati hiki ndicho kinachotuleta karibu zaidi na askari mwenyewe. Lakini bunduki nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya mwisho ya vita vya 1914 hata 1918 hazina kibati kamwe.

Sasa na tutazame mfano mmoja uonyeshao hatari ya kusoma alama moja na kuziacha nyingine. Mwaka 1904 Wareno walichagua bunduki ya namna ya Mauser iliyobadilishwa na mtu wao Vergueiro, nao wakaiagiza kwa kiwanda cha Berlin. Kwa hiyo ubavuni imeandikwa jina la kiwanda cha Kidachi, na juu ya chemba ya risasi ina taji na herufi ya Mfalme Carlos wa Ureno. Mfalme huyo aliuawa mwaka 1908, na ufalme wenyewe ukaondoshwa mwaka 1910. Lakini taji lilibaki juu ya chuma. Tarehe 25 Novemba 1917 majeshi ya Wadachi, yakiongozwa na Lettow-Vorbeck, yaliishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, yakutanapo maji ya Lugenda na Ruvuma. Yaliteka mamia ya bunduki na risasi nyingi. Askari waliokuwa wakipigana kwa bunduki za mwaka 1871, ambazo moshi wake ulimfichulia adui mahali walipo, walipata silaha mpya. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, majeshi hayo yaliweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo huitwa Mbala, na bunduki walizosalimisha zilikuwa za Kireno na za Kiingereza.

Basi mtu akisoma Berlin peke yake, atasema bunduki hiyo ilinunuliwa na Wadachi, naye atakosa. Akisoma taji peke yake, atasema haikubebwa ila na Wareno, naye aweza kukosa vile vile. Alama husema iliyoundwa wapi na kwa ajili ya nani; mkono ulioibeba baadaye hauna budi kutafutwa katika daftari za vikosi, na katika habari za mahali ilipopatikana.

Kwa hiyo twawaomba wenye kukuta silaha ya namna hii, pengine katika vitu vya marehemu babu, washike mambo matatu. Kwanza, wasiichezee wala kujaribu kuipiga, maana yaweza kuwa na risasi ndani. Na ikiwa na herufi D.P., ilikuwa ya kufundishia gwaride tu, si ya kupigia. Pili, wawaarifu polisi, kama sheria itakavyo. Tatu, wasiisugue kwa msasa ili ing'ae. Kutu yaweza kungojewa fundi. Bali alama ikiisha kufutika hairudi, na pamoja nayo hupotea ushahidi wa askari ambaye labda hakuachiwa ukumbusho mwingine wowote.