Mtoto wa Mji Mkongwe Aliyeitwa Freddie Mercury

Mgeni ashukaye katika bandari ya Malindi hakawii kuuliza ilipo nyumba ya Freddie Mercury. La ajabu ni kwamba huonyeshwa nyumba zaidi ya moja, na kila mwonyeshaji huapa kuwa yake ndiyo ya kweli. Tangu mwaka 2019 ipo pia nyumba ya makumbusho huko Shangani, iliyoanzishwa na watu binafsi, ambamo kwa kiingilio mtu huona picha na maelezo ya maisha yake. Biashara hiyo hatuilaumu. Tunalouliza ni hili: sisi wenyeji wa visiwa hivi tunamjua mtu huyu kwa kiasi gani?

Alizaliwa hapa mjini tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Maparsi wenye asili ya Gujarati, na baba alikuwa keshia wa Mahakama Kuu katika serikali ya kikoloni. Maparsi wa Unguja walikuwa wachache, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na majirani wengi hawakujua juu yao zaidi ya kwamba waliuheshimu moto. Mtoto huyo alianza masomo kwa masista wa Kianglikana, kisha alipofika umri wa miaka minane akapelekwa Bara Hindi, katika shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani. Huko alijifunza piano, akaunda na wanafunzi wenzake bendi ya The Hectics, na huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Alirejea Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia yake ilihamia Uingereza na kukaa Feltham, kandokando ya London.

Yaliyofuata, walimwengu wanayajua kuliko sisi. Alibeba mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, akauza nguo Kensington, na mwaka 1969 akahitimu masomo ya uchoraji katika chuo cha Ealing. Mwaka 1970 yeye, Brian May na Roger Taylor waliunda bendi ya Queen. John Deacon alijiunga nao mwaka uliofuata. Nembo ya bendi aliichora mwenyewe. Mwaka 1975 walitoa "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita, ambao uliambiwa ni mrefu mno kwa redio. Ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Ndani yake limo neno ambalo kila mtoto wa Unguja na Pemba hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani.

Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, lilifanyika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Watu walikuwa wapatao 72,000, na Queen walipewa dakika kama ishirini tu. Mwimbaji huyu alisimama mbele, akautupa mlio wa sauti bila maneno, na uwanja mzima ukamjibu; akautupa tena kwa namna nyingine, ukajibu vilevile. Aliyekulia penye ngoma na taarabu hahitaji kufafanuliwa nguvu ya mwimbaji na waitikiaji wake.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Mnamo Oktoba 1984 bendi hiyo ilikwenda kupiga muziki Sun City, Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa umewataka wasanii waususie utawala wa makaburu, na wakati nchi yetu ikiwa mstari wa mbele katika mapambano ya ukombozi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Lilikuwa kosa, nasi hatuoni sababu ya kulificha.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI; kesho yake akafariki, akiwa na umri wa miaka 45. Ibada ya mazishi iliongozwa na makasisi wa dini ya wazee wake. Jina lake lilitumika baadaye kuanzishia mfuko wa kupambana na maradhi hayo.

Tunafahamu kwamba jina hilo huzusha ubishi hapa. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya ufukweni ya kuadhimisha miaka sitini tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Uamsho iliipinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, na sherehe haikufanyika. Mwenye kupinga sherehe ana haki ya kusema. Ila kuandika historia si kusherehekea, na tarehe ya kuzaliwa haifutwi kwa kuchukizwa.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa utalii na mambo ya kale wahakikishe nyumba kwa hati, wawape watembezaji wageni maelezo yaliyo sahihi, na waifungue habari nzima ya Maparsi wa Unguja, ambao wamekaribia kusahauliwa kabisa. Hifadhi ya Nyaraka ya Kilimani ndiyo mahali pa kuanzia. Sehemu ya mapato ya jina hili ingefaa pia iwafikie vijana wanaojifunza udi na ganuni katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na ambacho kimewahi kuhangaika kwa ukosefu wa fedha.

Wazee waliokuwa rika lake mitaani wanakaribia miaka themanini, na wengine wameshaipita. Kwenda kuwasikiliza hakuhitaji bajeti kubwa: chombo cha kunasia sauti, na mtumishi mmoja mwenye subira.