Jua Likichachamaa, Miale Hupungua

Mwaka wa pili nilisimama kwenye semina nikatamka, tena kwa sauti, kwamba jua likichachamaa miale ya kosmiki inayofika duniani huongezeka. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Kumbe nilikuwa nimegeuza mambo, na andiko la mradi wangu nilikuwa nimelijenga juu ya kosa hilohilo.

Jina nalo linapoteza watu. Miale hii si mwanga, ni chembe, nyingi zikiwa protoni, na kwa kawaida hazitoki kwenye jua letu bali mbali huko ndani ya galaksi. (Jua nalo hurusha zake likilipuka vibaya, ila kwa muda mfupi tu.) Ili zitufikie lazima zipenye upepo wa jua, yaani chembe zinazovuma kutoka juani mfululizo zikiburuta uga wa sumaku. Kila miaka 11 hivi madoa ya jua huongezeka, uga ule unapata nguvu na kuvurugika, na wageni kutoka nje wanatawanywa na kupoteza nishati njiani. Jua likipoa, mlango unalegea. Mwaka 2009 lilipoa kupita kawaida, na kituo cha Oulu, Finland, kinachohesabu nutroni tangu 1964, kikapata idadi ya juu kuliko miaka yote ya nyuma. Mmarekani Scott Forbush alishauonyesha uhusiano huu wa kinyume mwaka 1954.

Basi nikarekebisha andiko: nitaweka kihesabio juu ya paa la bweni, nione mzunguko. Msimamizi wangu akacheka. "Mwanangu, shahada yako ni miaka mitatu. Mzunguko ni 11. Halafu uko karibu na ikweta."

Hiyo ya ikweta ndiyo iliyoniuma. Sumaku ya dunia huzuia chembe dhaifu zisishuke huku kwetu. Zinazopita ni zile zenye nguvu sana, na hizo jua haliziyumbishi kiasi hicho. Karibu na ncha za dunia idadi hupanda na kushuka kwa asilimia 15 hivi au zaidi. Huku kwetu ni kidogo mno kwa kifaa changu cha kuungaunga.

Sasa natumia takwimu za Oulu, ambazo ni bure mtandaoni. Dhoruba ya jua ya Mei 2024 inaonekana wazi: mstari unaporomoka ghafla, kisha unapanda taratibu. Paa la bweni limebaki la kuanikia nguo.