Mavuno Yasiyo na Siku Yake

Watu wa Korea, unapokaribia usiku wa kumi na tano wa mwezi wa nane katika hesabu yao ya kale, hufunga maduka na karakana za mijini, wakajaa njiani kurudi makwao; na huko, makaburi ya wazee yakiwa yamekwisha kufyekwa majani, huwaandalia marehemu meza ya mchele mpya na matunda, kisha wakaketi na akraba zao kula vileja vya unga wa mchele vyenye umbo la nusu mwezi, vilivyopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Sikukuu hiyo huitwa Chuseok. Mzee wa Kasongo, huku Maniema nchini Kongo, akisimuliwa habari zake hatastaajabia mchele, wala kaburi, wala wingi wa wageni, maana hayo yote yako kwake. Litakalomshangaza ni kwamba mavuno yamepewa siku maalumu, ikaandikwa katika kalenda ya serikali, ikangojwa.

Sababu iko katika falaki. Wakorea huhesabu miezi kwa mwandamo kama Waislamu, lakini kwa kuwa miezi kumi na miwili ya mwandamo hupungukiwa na siku kumi na moja hivi kwa mwaka wa jua, wao huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19, na kwa hila hiyo Chuseok haitoki nje ya Septemba na mwanzo wa Oktoba: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 17 Septemba, na mwaka 2025 tarehe 6 Oktoba. Uislamu uliikataza nyongeza ya namna hiyo. Kwa hiyo Idi na Maulidi huzunguka majira yote, mvua kwa kiangazi, mpaka zirudi zilikoanzia baada ya miaka 33 takriban. Watu wa Makunduchi, kule Unguja, wana sikukuu ya Mwaka Kogwa inayofuata hesabu ya siku 365, lakini huku kwenye mto Lualaba hesabu hiyo haitumiki. Na kwa kuwa Maniema ya kusini ndiko Uislamu ulikoota mizizi kuliko pengine pote katika Kongo, mpunga wa Kasongo na Kabambare huvunwa pasipo sikukuu ya kuupokea. Wako wanaouona huo kuwa upungufu. Mimi naona kuwa sherehe ipo, ila imegawanywa ikatiwa katika mabakuli.

Mpunga wenyewe ni mgeni aliyeukuta mhogo na ndizi. Uliletwa na misafara ya waungwana wa pwani iliyovuka ziwa Tanganyika katika karne ya kumi na tisa kutafuta pembe na watumwa, zama ambazo Livingstone aliugua vidonda vya miguu Kabambare mwaka 1870, na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, akaifanya Kasongo kuwa makao yake. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yalipouteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao, Sidney Hinde, aliona ghala zimejaa mchele, kahawa na mahindi, na bustani zimesheheni machungwa, mapera na makomamanga. Neema hiyo ilitoka katika mikono ya watumwa. Wabelgiji nao, tangu mwaka 1917, waliweka kilimo cha lazima, pamba na mpunga, na aliyepunguza kipimo akatozwa faini au akafungwa. Ni ajabu kwamba nafaka yenye taarikhi chungu hivyo imepata kuwa chakula cha taadhima, hata leo wajukuu wa waliolima na wajukuu wa waliolimisha hunyoosha mikono katika sinia moja.

Katika kiangazi cha Juni na Julai wanaume hufyeka na kuangusha miti, Agosti wakachoma, na mvua za Septemba zikishika wanawake hupanda. Mpunga ukianza kutunga, watoto hukaa juu ya dungu tangu alfajiri kuamia ndege. Januari inapoingia huvunwa kwa kisu kidogo, suke kwa suke, kwa sababu masuke hayaivi kwa pamoja. Jioni mawifi husimama kinuni wawili wawili, mchi huu ukishuka ule ukipanda, na yule anayekosa mapigo hutaniwa mpaka achoke. Mpunga wa siku za kwanza haujakauka sawasawa, hivyo huvunjika sana kinuni. Chenga hutengwa kwa ungo zikawa za uji wa watoto, na mchele mzima huingia chunguni, kisha ukaandaliwa kwa sombe, yaani majani ya mhogo, iliyoungwa mawese na samaki wa Lualaba, au wa Luama kwa watu wa Kabambare.

Chungu hicho cha kwanza hakiliwi chote nyumbani. Bakuli moja huenda kwa wazee, jingine kwa wakwe, jingine kwa jirani ambaye shamba lake limeliwa na nguruwe wa mwituni. Mtoto aliyetumwa hushusha sauti akasema, “Koko, mama amesema muonje wa mwaka huu,” naye hujibiwa, “Aksanti, Mungu awazidishie.” Bakuli halirudi tupu, hutiwa yai, au karanga mkono mmoja. Mwislamu ambaye mavuno yake yamefikia nisabu hutoa zaka siku ileile ya kuvuna, sehemu moja ya kumi kwa shamba linyeshewalo na mvua. Na wasiofikia, nao ndio wengi, hutoa sadaka kwa kadiri ya jamala yao. Aliyekuwa akingoja uwezo wa kumsomea marehemu wake hitima hupata uwezo wakati huo, na aghalabu ndipo zinapopangwa arusi. Wakatoliki, ambao Kasongo ni makao ya jimbo lao tangu mwaka 1959, huyapeleka mavuno altareni pamoja na matoleo ya misa.

Kinachoitishia ada hii si sheikh wala padri, bali machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila, ambako vijana wengi wa Kabambare wameliacha jembe wakachukua sururu. Wanaporudi na fedha hununua mchele wa gunia, mweupe, usio na chenga, wakapika sufuria kubwa kuliko za baba zao. Lakini mchele wa kununuliwa haupelekwi kwa bakuli, kwa kuwa hakuna wa kumwambia mwenzake auonje wa mwaka huu.

Mara moja moja mwandamo na mvua hupatana. Mnamo Januari 1999 Idi ya kufungua Ramadhani iliwakuta wavunaji mashambani, ila vita vilivyoanza Agosti ya mwaka uliotangulia vilikuwa vimeikumba mashariki yote, na wengi hawakuwa na cha kuvuna. Patano lijalo ni Januari 2031, Idi ikitazamiwa kuwa karibu na tarehe 24. Atakayepanda Septemba iliyotangulia atakuwa na mpunga mbichi mikononi na wageni mlangoni, na mawifi watalazimika kuukausha juu ya moto usiku wa kuamkia Idi, huku wakiulizana nani aliyechelewa kupanda.