Sanduku la Umeme Kwanza, Kadi ya Picha Baadaye

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa kuwapokea watu wapatao 10,000. Leo inawahifadhi zaidi ya 50,000, walio wengi wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sokoni. Wamo vijana waliojifunza kompyuta humo humo kambini, na kwao mashine moja hufanya kazi mbili: mchana huunganisha filamu za harusi, jioni huchezewa michezo.

Aghalabu mashine hiyo ilitumika ofisini kwanza. Ikipewa mchezo wa kisasa, picha hukatika-katika mithili ya filamu iliyochakaa. Dawa yake ni kadi ya picha, yaani kile kipande kinachochora yote yaonekanayo kwenye skrini.

Dawa hiyo hutafutwa katika maduka ya Lilongwe, na safari si nyepesi. Sheria ya Malawi inamtaka mkimbizi akae kambini, na atokaye huhitaji kibali. Tangu mwaka 2023 amri hiyo imesimamiwa kwa nguvu zaidi, na wengi waliokuwa wakiishi mijini wakarejeshwa Dzaleka. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, kwacha ilishushwa thamani, na bidhaa za kutoka nje zikapanda bei. Kwa hiyo anayekosea kununua hawezi kurudi dukani kesho yake, na akiba ya miezi mingi hupotea. Dawa ya kosa hilo ni kupima kabla ya kuondoka nyumbani.

Jambo la kwanza kupimwa ni sanduku la umeme lililo ndani ya mashine. Ubavuni mwake huandikwa idadi ya wati. Mashine nyingi za ofisini zina wati 240 hadi 300 tu, wala hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Mahali kadi inapochomekwa hapatoi zaidi ya wati 75. Mwenye mashine ya namna hiyo atafute kadi inayotosheka na kiasi hicho, kama GeForce RTX 3050 ya gigabaiti 6, inayotumia wati 70, au zile GeForce GTX 1650 zisizohitaji waya. Radeon RX 6600 ina nguvu zaidi, lakini hutumia wati 132, na watengenezaji wanashauri sanduku la wati 450. GeForce RTX 3060 hutumia wati 170 na hutaka sanduku la wati 550.

La pili ni nafasi. Rula ya mwanafunzi yatosha kupima urefu na kimo ndani ya kasha, kwani makasha membamba hukubali kadi fupi pekee.

La tatu ni skrini. Kwa skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080, kadi ya gigabaiti 8 hutosha michezo mingi. Kuongeza fedha juu ya hapo, hali prosesa ni ya zamani, ni kumnunulia punda tandiko la farasi.

Kadi zilizotumika zina bei nafuu, lakini rahisi huwa ghali. Nyingi zilikeshezwa miaka mingi zikichimba sarafu ya Ethereum, hadi uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022. Nyingine ni za bandia: jina ni jipya, kiini ni cha kale. Mnunuzi aombe kadi iwashwe mbele yake kwa nusu saa, asikilize feni zake, na programu ya GPU-Z ioneshe kiini halisi.

Mzazi anayeombwa fedha na mwanawe, awe askari katika nyumba za kikosi au mkimbizi Dzaleka, asiulize kwanza jina la kadi. Aombe karatasi yenye mambo manne: wati za sanduku, urefu wa nafasi, nukta za skrini na umri wa prosesa. Kijana aliyeyajaza yote manne amekwisha kuchagua. Kilichobaki ni nauli, kibali na fedha.