Masega ya ekzosi: nyundo haiongezi gramu

KWA mfanyabiashara wa chuma chakavu, masega yaliyo ndani ya ekzosi ya gari la petroli yana thamani kuliko ekzosi yenyewe. Ni kauri yenye matundu, iliyopakwa oksidi ya alumini na oksidi ya seriamu, zilizobeba chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Bei hufuata metali hizo. Rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi Machi 2021. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya dola 5,000. Aliyeweka mzigo ghalani akingoja ipande zaidi aliumia.

Je, masega yaliyopondwa yana thamani zaidi ya mazima? Anayejibu ndiyo amechanganya mambo mawili.

La kwanza ni la kikemia, na lina ukweli ndani yake. Oksidi ya seriamu ni ghala la oksijeni: huitoa moshi wa injini unapopungukiwa, huipokea inapozidi. Atomi zake zimepangwa kwa safu. Safu zikivutwa, oksijeni huchomoka kwa urahisi, zikibanwa, hung'ang'ania. Hivyo kichocheo hubadilika tabia bila kuongezwa kitu kipya.

Kinu cha mipira ya chuma, ndugu wa karasha zinazosaga mawe ya dhahabu Kanda ya Ziwa, hufanya hivyo kwa mapigo. Chembe hupasuka, eneo la uso huongezeka, na hubaki kasoro: atomi zilizohama na nafasi zisizo na oksijeni. Mara nyingi mmenyuko huanzia hapo. Hata hivyo, kusaga kuna kikomo. Kukizidi, chembe hugandamana na uso hupungua tena, na chuma cha mipira huingia katika unga. Oksidi nyingine hugeuka umbo kabisa, kama ile ya titani inayotoka anatasi kuwa rutaili. Joto nalo hufuta kasoro nyingi, na kichocheo cha gari hufanya kazi katika mamia ya nyuzijoto. Faida ya kusaga haidumu humo.

La pili ni hesabu ya kiwanda cha kusafisha metali. Huyeyusha mzigo wote na kulipa kwa gramu zilizopatikana. Nyundo haiongezi gramu. Hupunguza, kwani metali zipo kwenye ngozi ya nje ya kauri, na vumbi linalopeperuka ndilo lenye mali (na ndilo linaloharibu mapafu). Aidha, unga unaweza kuchanganywa na kauri tupu, hivyo mnunuzi asiye na kipimo hukata bei kujikinga.

Jambo hili linawahusu pia wawekezaji wa Mkula, wilayani Busega, mkoa wa Simiyu, kwenye nikeli ya Dutwa na Ngasamo. African Eagle Resources, iliyokuwa katika soko la hisa la London, iliitafiti lakini haikujenga mgodi. Sehemu ya nikeli hiyo imefungwa katika oksidi za chuma. Kusaga sana huweza kurahisisha kazi ya asidi, ila umeme wa kinu una gharama.

Anayeletewa waraka unaosifu oksidi "iliyoamshwa" kwa kusagwa aulize: uso ni mita ngapi za mraba kwa gramu, kabla na baada? Kinu kilizunguka saa ngapi? Na kipimo kilifanyika baridi, au katika joto ambalo unga utatumika?