Trei za meno za chuma: Hesabu ni ya mizunguko, si bei ya dukani

Ukisimama katika soko la Buguruni na kuuliza bei ya trei, muuzaji atakuuliza kama unataka yenye mayai au tupu. Ukienda Kariakoo na kurudia swali hilo, utaonyeshwa trei za kubebea vikombe vya chai. Ipo trei ya tatu ambayo haipangwi barazani wala kunadiwa kwa kipaza sauti. Ni ile ndogo ya chuma, yenye umbo la kwato na mkono mfupi, ambayo daktari wa meno huijaza uji mzito na kuibana kwenye meno ya mgonjwa ili kupata chapa ya kinywa. Chapa hiyo ndiyo humwagiwa plasta, na kutokana na plasta hiyo fundi hutengeneza meno ya bandia.

Wiki hii safu yetu inaitazama bidhaa hiyo, kwa kuwa wapo wafanyabiashara wenye mtaji mdogo wanaofikiria kuingia katika vifaa vya tiba, na wapo wenye kliniki ndogo wanaotaka kuacha trei za plastiki za kutumia mara moja. Makundi yote mawili yanaweza kupoteza fedha kwa kosa moja, nalo ni kutazama bei ya kununulia pekee.

SOKO LILIPOTOKA

Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa vifaa vya namna hii alikuwa Serikali. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali binafsi za kibiashara, na marekebisho ya mwaka 1991 ndiyo yaliyofungua tena mlango. Mafunzo ya madaktari wa meno yalikuwa yamekwisha kuanza Muhimbili mwaka 1979, hivyo wataalamu walikuwapo na kliniki binafsi zikaanza kufunguliwa. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, huhudumia zaidi vituo vya umma. Mwenye kliniki binafsi hutafuta mzigo wake dukani, na huyo ndiye mteja wa mfanyabiashara mdogo.

Mteja huyu hanunui kwa pupa. Hununua vichache, huvitumia, na kifaa kikimwangusha harudi tena. Trei ikipinda ndani ya kinywa, chapa hutoka imepotoka, meno ya bandia hayakai, na mgonjwa aliyekwisha kulipa hurudi akidai haki yake. Gharama ya kurudia kazi humwangukia daktari, na daktari humkumbuka aliyemuuzia.

CHUMA GANI

Madukani kuna aina tatu za trei za madini. Ya kwanza ni ya chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Daraja linalofaa ni lile lenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, ambalo wafanyabiashara wa sufuria hulifahamu kwa namba 304. Ya pili ni shaba iliyopakwa kromiamu au nikeli. Hung'aa sana ikiwa mpya, lakini rangi ikibanduka kazi yake imekwisha. Ya tatu ni alumini nyembamba, ambayo bei yake ni ndogo na hupindika kwa vidole. Trei nyingi za alumini zimekusudiwa kutumika mara moja. Sabuni kali zenye magadi huila alumini, na ikishapindwa mara kadhaa hairudii umbo lake.

Mnunuzi asiye na maabara anaweza kufanya majaribio manne hapo hapo dukani.

Kwanza, apime uzito mkononi. Kwa ujazo ule ule, stenlesi ina uzito wa karibu mara tatu ya alumini.

Pili, apitishe sumaku. Stenlesi ya 304 haivutwi kwa nguvu, ingawa huweza kuvutwa kidogo mahali ilipokunjwa. Sumaku ikinata sana, mnunuzi aombe maelezo, kwani huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa juu au stenlesi ya daraja lisilo na nikeli. Hata hivyo sumaku peke yake si ushahidi wa ubora, kwa sababu alumini na shaba nazo hazivutwi.

Tatu, abane mbavu mbili za trei kwa kidole gumba na cha shahada. Trei nzuri haikubali kusogea.

Nne, apitishe pamba kavu kwenye kingo na mahali mkono ulipoungwa. Pamba ikinasa, pana kijiwembe kitakachochana ufizi. Ikiwa kiungo cha mkono kina mwanya, uchafu utajificha humo na hautatoka kwa brashi.

MATUNDU AU UKINGO

Umbo nalo lina mambo yake. Zipo trei zenye matundu, na zipo zisizo na matundu ambazo ukingo wake umekunjwa kwa ndani. Zote mbili zinalenga jambo moja, yaani kuizuia aljineti isibanduke wakati trei inapovutwa kutoka kinywani. Aljineti ni unga unaotokana na mwani wa rangi ya kahawia. Hukorogwa na maji na kuganda kwa dakika chache tu, na katika joto la Dar es Salaam huganda upesi zaidi.

Yenye matundu hushika vizuri, lakini kila tundu ni kazi ya kuzibua baadaye. Yenye ukingo husafishwa kwa urahisi zaidi, ingawa mabaki hujificha chini ya mkunjo. Kliniki yenye msaidizi mmoja tu ifikirie muda wa kuosha kabla ya kuchagua, kwa sababu nao ni fedha.

Aidha, mnunuzi awe mwangalifu na namba. Hakuna utaratibu mmoja unaofuatwa na viwanda vyote. Kwa kiwanda kimoja namba 1 ni ndogo kuliko zote, na kwa kingine ni kubwa kuliko zote. Zipo seti ambazo namba witiri ni za taya la juu na namba shufwa ni za taya la chini. Anayetaka kuongezea seti aliyo nayo aende dukani na trei yake mkononi, asiagize namba kwa simu. Tena aulize kama trei ni ya mwenye meno au ya kibogoyo, kwa sababu ya kibogoyo ina kina kifupi na haiwezi kufanya kazi ya nyingine.

KUTAKASA

Trei ya chuma ina maana tu kwa mtu mwenye uwezo wa kuitakasa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, unaiweka trei ya kutumia tena katika kundi la vifaa vinavyogusa utando wa kinywa, na unataka kifaa cha kundi hilo kinachostahimili joto kitakaswe kwa joto. Maana yake ni mtambo wa mvuke, yaani otoklevu, kwa kawaida nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3 hivi, bila kuhesabu muda wa kupanda joto na kukauka. Kuchemsha kwenye sufuria hakufikii kiwango hicho, kwani vipo vijidudu vyenye ganda vinavyostahimili nyuzi 100.

Adui mkubwa wa stenlesi katika jiji letu ni klorini na chumvi. Trei iliyolazwa usiku kucha katika dawa ya klorini ya kufulia hutoboka vidoa vidogo, na kutu huanzia hapo. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, nayo hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Anayetumia maji ya kisima aoshe, kisha asuuze mara ya mwisho kwa maji yaliyosafishwa na kukausha kabla ya kuingiza kwenye mvuke. Asiyefanya hivyo asilaumu kiwanda.

HESABU YA SHILINGI

Sasa tuje kwenye fedha. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji aweke bei aliyoikuta dukani.

Tuseme trei ya plastiki ni Sh. 2,500 na hutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Ya chuma ni Sh. 20,000, na kila matumizi yana gharama ya Sh. 500 za maji, sabuni, umeme na mkono wa msaidizi. Kila unapotumia ya chuma badala ya plastiki unaokoa Sh. 2,000. Gawanya 20,000 kwa 2,000 na utapata 10. Baada ya mgonjwa wa kumi trei imerudisha fedha yake.

Ikifika matumizi 100, kila chapa itakuwa imekugharimu Sh. 700, yaani Sh. 200 za trei na Sh. 500 za usafi. Lakini ikipotea baada ya matumizi matano, kila chapa imekugharimu Sh. 4,500, na hapo plastiki ilikuwa rahisi. Kwa hiyo swali la msingi si trei inauzwaje, bali itazunguka mara ngapi kabla ya kupinda, kutoboka au kutorudi.

Wenye maduka ya vinywaji wanalijua jambo hili kupitia kreti. Mtaji hauishii kwenye soda. Sehemu yake imo kwenye kreti na chupa tupu zilizoko kwa wateja, na kreti isiyorudi ni fedha iliyokwenda. Trei ya meno iko hivyo hivyo. Chapa ikishachukuliwa, trei haibaki kliniki. Husafiri na chapa yake hadi kwa fundi, na huko hukaa mpaka plasta imwagwe na kukauka.

Chukua kliniki ya Buguruni inayochukua chapa 6 kwa siku, yaani wagonjwa 3, juu na chini. Fundi wake yuko upande wa Kariakoo na trei hurudi baada ya siku mbili. Ongeza siku moja ya kuosha na kutakasa. Wakati wowote trei 18 zitakuwa nje ya kazi, na ukitaka akiba ya 6 utahitaji 24. Kwa bei yetu ya mfano huo ni mtaji wa Sh. 480,000.

Kliniki hiyo hiyo ikimwaga plasta yenyewe, trei huwa huru mchana ule ule na hutakaswa jioni. Zitatosha 6 za kazi na 6 za akiba, kwa Sh. 240,000. Mfuko wa plasta umepunguza nusu ya mtaji uliolala.

Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Aljineti hupoteza maji na kusinyaa ikiachwa wazi. Inafaa imwagiwe plasta ndani ya dakika 15 hivi, na kama ni lazima isubiri, ifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu. Chapa inayokwama kwenye foleni ya Barabara ya Uhuru chini ya jua hufika kwa fundi ikiwa imebadilika ukubwa, hata kama trei iliyoibeba ni bora kuliko zote.

KWA MWENYE DUKA

Mfanyabiashara anayetaka kuweka bidhaa hii asianze na makasha mengi ya seti kamili. Kwa kawaida saizi za kati ndizo zinazotoka zaidi, na zile kubwa sana na ndogo sana hulala. Anayeuza moja moja, akaongeza saizi kadiri zinavyoisha, mtaji wake utazunguka upesi kuliko wa anayefungia seti kabatini.

Kwa anayeagiza kutoka nje, Sialkot huko Pakistani ni mji unaojulikana duniani kwa vifaa vya upasuaji na vya meno, na India na China nazo huuza. Trei hizi ni vifaa tiba, hivyo zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, jina lililochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Apitie hapo kwanza kuhusu kibali na duka lake kabla ya kulipia mzigo. Katika forodha vifaa vya meno vina kifungu chao, 9018, ambacho si kile cha vyombo vya jikoni vya chuma, 7323. Kuzichanganya na masufuria ili kurahisisha safari ni kujitafutia hasara bandarini.

Na kwa mwenye kliniki, kabla ya kuongeza trei, aandike kwa wiki mbili ngapi zimetoka, ngapi zimerudi na zimekaa siku ngapi nje. Achonge alama yake kwenye mkono wa kila moja, kama wenye kreti wanavyofanya. Huenda akagundua kuwa hana upungufu wa trei. Ziko kwa fundi.